Kitako Kilichopigwa Msasa Ndani

Bunduki haikulia, lakini bega langu liliruka.

Kilichosikika ni "tik" moja tu, nyembamba kama ukucha ukigonga kikombe, na papo hapo bega likanyanyuka, macho yakafumba, mtutu ukainama kuchungulia udongo kana kwamba umedondosha sindano. Nilipofumbua macho, shabaha ilikuwa imesimama palepale, mita mia moja mbele, nzima na yenye afya.

Kaka yangu alikuwa amekaa nyuma yangu juu ya sanduku la mbao, mguu wake wenye bendeji umenyooshwa mbele kama wa mfalme anayesubiri kuvuliwa kiatu. Alifungua kiganja akanionyesha risasi ya kweli. Bundukini alikuwa ametia ganda tupu.

"Umeona?" alisema. "Haijakugusa, wewe umeshalia."

Wenzetu wa kikosi wakaanza kucheka, nami, kama kawaida yangu, nikawahi mbele yao. "Bega hili lina adabu," nikasema. "Linaamka kumpokea mgeni kabla hajapiga hodi." Wakavunjika mbavu. Ndiyo kazi niliyokuwa nimejipa pale: kujicheka kabla sijachekwa. Waliniita Redio, na redio haiulizwi kama inaumwa. Ikinyamaza hupigwa kofi ubavuni ili iendelee.

Mkuu wa kikosi hakucheka. Alikunja daftari lake akaja hadi niliposimama.

"Redio, Jumamosi asubuhi ni zamu yako ya mtihani. Risasi nne za kweli na ganda tupu moja, moja baada ya nyingine, hujui lipi ni lipi. Nne zipige sahani ya chuma ya shabaha. Kwenye ganda tupu, mtutu usiiname. Wa kukujazia utamchagua mwenyewe."

"Na nikishindwa?"

"Utahamia stoo, ugawe viatu na makoti ya mvua." Kisha akashusha sauti, akawa mpole kama mtu anayetoa rambirambi. "Si kosa lako, binti. Bega la mwanamke liliumbwa kulaza mtoto, si kupigwa teke na bunduki."

Nilitaka kumjibu. Ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa nauli, siku hiyo uliachwa kituoni. Kwa sababu jambo baya kuliko maneno yake ni kwamba nilikuwa nimeanza kuyaamini.

Kazi yetu ni kuwinda nguruwe pori wanaovamia mashamba. Watu hudhani ni kazi ya mchezo mpaka wamwone dume lenye meno kama visu likitoka kwenye mahindi. Wiki tatu kabla ya siku ile, dume la namna hiyo lilisimama ubavu mbele yangu, hatua arobaini, shabaha ambayo hata kipofu angeomba aachiwe. Nikavuta. Kabla kidole hakijamaliza kazi yake, bega lilikuwa limeshakimbia. Risasi ikampata tumboni badala ya moyoni, akageuka na hasira zake zote, na mtu wa kwanza aliyemkuta njiani ni Kaka. Alishonwa nyuzi kumi na nne pajani. Alipoulizwa, aliwaambia Mkuu, daktari na Baba kwamba risasi yangu iligonga bua ikapinda. Nilikuwepo. Hapakuwa na bua.

Siku ile ya ganda tupu nilirudi nyumbani mchana, nikaingia karakana ya Baba. Baba ni fundi wa bunduki za uwindaji, na hasa ni fundi wa vitako, ile sehemu ya mti inayokaa begani. Wawindaji hutoka mbali kumfuata. Mtu huja akilalamika kwamba bunduki yake ina risasi kali mno, Baba humwambia, "Risasi yako na ya jirani yako ni moja. Tofauti iko kwenye mti." Halafu humsimamisha mlangoni, humkunja kiwiko, humpima kutoka kwenye mkunjo hadi kwenye kidole cha kufyatulia, huku akihubiri hotuba ambayo mimi na Kaka tungeweza kuikariri usingizini. Teke halipimwi mtutuni, hupimwa begani. Bunduki nzito hurudi polepole, inakusukuma kama shangazi mnene kwenye foleni. Nyepesi hurudi mbio, inazaba kofi. Kitako kilichonyooka hurudi moja kwa moja. Kilichoinama sana hufanya mtutu urushwe juu na mti ukupige shavuni. Kirefu kupita mkono wako kitakukalia pembeni, kwenye mfupa. Na kisigino cha kitako kikiwa chembamba, uchungu wote hukutana mahali pamoja, kama ndugu kwenye mirathi.

Yote hayo niliyajua tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini bunduki yangu mwenyewe sikuwahi kuipima. Baba ndiye aliyenitengenezea kitako chake nilipoajiriwa, miezi minane iliyopita, akanikabidhi mbele ya wenzangu kikiwa kimeng'aa kwa mafuta. Nani hupima chumvi kwenye chakula alichopikiwa na mzazi wake?

Nilichotaka mchana ule ni kitu kidogo tu. Nilikuwa na kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu, nikakusudia kukibandika kwenye kisigino cha kitako nipunguze maumivu, kwa siri, kama mtu anayetia pamba kwenye kiatu kikubwa. Baba alikuwa amekwenda kununua msasa. Nikaibana bunduki kwenye jiliwa, nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu mbili zilizoshika bamba la chuma.

Bamba lilitoka. Nyuma yake mti ulikuwa mtupu.

Matundu matatu, manene kama dole gumba, yaliingia ndani ya kitako hadi nisikoweza kuona. Kati ya tundu na tundu mti ulikuwa umekombwa kwa patasi, ukabaki ukuta mwembamba kama wa kibuyu. Nilitia kidole. Mlikuwa laini. Nilitegemea vijiti vya kunichoma, nikakuta uteleze wa shavu la mtoto.

Alikuwa amepiga msasa ndani.

Mtu mwingine angesema kitako kimeliwa na wadudu, au kimechongwa na mwanafunzi. Mimi nimelelewa na mkono ule. Baba hawezi kuacha kitu kikiwa na makwaruzo, hata mahali ambapo jicho la mtu halitafika. Hata jeneza la Mama alilipiga msasa kwa ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuwa kimenyooshwa kwa mapenzi kiasi hicho.

Niliteremsha bunduki nikaiweka kwenye mizani ya karakana, kisha nikaitoa ya Kaka kabatini nikaiweka nayo. Mtutu wa aina moja, risasi za aina moja. Yangu ilikuwa nyepesi kwa kilo moja na robo. Nikapima urefu: kirefu kwa sentimita tatu kupita mkono wangu. Nikaweka rula mgongoni mwa kitako: kimeinama kuliko kitako chochote kilichowahi kutoka mlango ule. Bamba la chuma lilikuwa jembamba kama ulimi wa mbuzi. Hakuna kosa hata moja ambalo Baba hulihubiri ambalo halikuwemo. Alikuwa amechukua hotuba yake yote akaichonga kinyumenyume.

Kitu kilichonipandisha damu kichwani kilikuja baadaye kidogo, nikiwa nimesimama na rula mkononi. Kila jioni niliporudi nimevilia damu begani, Baba ndiye aliyenikanda. Alichemsha maji, akakamua kitambaa, akakiweka pale mahali kwa mkono uleule, akisema, "Pole, mama. Labda kazi hii haikutaki." Miezi minane. Nami nikamtania kwamba anakanda vizuri kuliko hospitali.

Baba alinikuta nimekaa kwenye kigoda chake, bamba limelala pajani mwangu.

Aliweka karatasi za msasa mezani, akazinyoosha kingo zikalingana, moja juu ya moja. Nikamwacha amalize.

"Nilidhani ni bega langu," nikasema.

"Najua."

"Kikosi kizima kinadhani ni bega langu. Mkuu ameniambia leo limeumbwa kulaza mtoto. Nikamwitikia kwa kichwa, Baba. Niliitikia."

Akavua miwani. "Nilitaka bega likwambie nilichoshindwa kukwambia mimi. Nilijua nikikukataza utakwenda kwa ubishi. Nikasema, akiumia kidogo, ataacha mwenyewe. Mwezi mmoja, miwili." Akaifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Nina watoto wawili. Mmoja nimekwisha kukipa kikosi. Sikutaka kukipa na wa pili."

"Basi ungesema hivyo."

"Ungenisikia?"

"Nisingekusikia. Ningekucheka, ningekwenda, na ningekwenda na bunduki inayonitosha."

Nilisimama nikamwambia kesho yake, kabla kikosi hakijafika, twende naye uwanjani, na bunduki iwe hivyo ilivyo. Alitaka kuuliza kwa nini. Akanitazama usoni, akaacha.

Asubuhi ya Jumanne uwanja ulikuwa na umande, na hapakuwa na mtu ila sisi. Kaka nilimwambia abaki nyumbani na mguu wake. Nilirudisha bamba mahali pake, nikakaza skrubu, nikamkabidhi Baba bunduki pamoja na risasi tano.

"Piga wewe."

Baba ni mtu mwembamba. Mabega yake yamekaa chini ya shati kama kiango cha nguo. Aliipandisha bunduki kwa ustadi, kwani vitako vyote amevijaribu, akavuta. Mlio ukatoka, mtutu ukaruka, na kofia yake ikaanguka nyuma. Ya pili ikamzungusha nusu hatua. Ya tatu ikampiga shavuni, nikaona pale mfupani pakianza kuwa pekundu.

"Inatosha?" aliuliza. Hakuwa analalamika; aliuliza kama mgonjwa anavyomwuliza muuguzi.

"Mimi hakuna aliyeniambia inatosha."

Najua jinsi maneno hayo yanavyosikika. Niliyasikia hata wakati ule, yakitoka kinywani mwangu baridi kama chuma cha asubuhi. Sehemu yangu moja ilitaka kumnyang'anya ile bunduki na kumwokotea kofia. Sehemu nyingine ilihesabu: nne.

Ya tano aliishika muda mrefu. Nilimwona anavyolenga, nikaona kope zake zikishuka kabla ya wakati, bega likirudi nyuma lenyewe, mtutu ukichutama. Risasi ikachimba udongo katikati ya njia.

"Umefumba macho," nikasema.

"Nimefumba."

"Fundi wa miaka arobaini. Risasi tano tu."

Akashusha bunduki, akashika bega lake. Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini hasira ni kama mgeni mlafi: ukishamkaribisha, huuliza na kilichofunikwa.

"Lile bua," nikasema. "Bua lililopindisha risasi yangu siku Kaka alipoumia. Umewahi kujiuliza lilikuwa bua gani?"

Alinitazama. Niliona fikra ikimwingia polepole, kama maji yanavyopenya chini ya mlango. Alitazama shimo dogo pale kwenye udongo, ambapo risasi yake mwenyewe ilikuwa imeingia, kisha akatazama mikono yake.

"Kaka yako aliniambia..."

"Kaka alinifichia aibu. Hakujua anakufichia wewe."

Baba alikaa chini, palepale kwenye umande. Sikumwinua. Nilisimama kando yake nikitazama shabaha mpaka suruali yake ilipolowa, kisha nikaokota kofia, nikaikung'uta, nikaiweka juu ya sanduku. Kumvika kichwani sikuweza.

Mchana huo, bila mimi kumwambia, alipanda ngazi akashusha kutoka juu ya kabati kipande cha mti kilichofungwa kwenye gunia. Kilikuwa kitako kilichochongwa nusu, kilichonyooka, chenye kisigino kipana. Pembeni kulikuwa na alama ya penseli: thelathini na tatu. Ndiyo sentimita za mkono wangu. Alikuwa ameanza nacho hicho, miezi minane nyuma, kabla ya kubadili nia. Nilipokiona nilizidi kukasirika. Laiti angekuwa hajui.

Siku tatu tulifanya kazi pamoja, na redio ilikuwa imezimwa. Yalisemwa maneno ya kazi tu. "Geuza." "Shika hapa." "Bado kidogo." Niliranda mimi, kwa sababu mkono wake wa kulia haukupanda zaidi ya kifua. Nilitoboa tundu moja jembamba nikalijaza chubwi, zile za kuzamishia ndoano, nikazimiminia gundi zisicheze, mpaka bunduki ikalingana na ya Kaka kwenye mizani. Kisigino nilikivisha mpira. Ijumaa alasiri alinisimamisha mlangoni kama mteja, akanikunja kiwiko, akapima tena. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la mti. Nilitazama ukuta.

Kaka, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda na mguu wake, alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nyumba hii imekuwa kama benki," alisema. "Watu wananong'ona hata wakiomba maji. Nani atanieleza?"

"Muulize fundi," nikasema.

Na Baba akamweleza. Alisema yote, amesimama, bila kujipunguzia hata neno. Kaka alisikiliza huku akijikuna juu ya bendeji. Mwisho alisema, "Kumbe nilishonwa nyuzi kumi na nne za malezi," akajaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia, kicheko kikamfia mdomoni. Akachukua mkongojo wake akatoka nje, akasimama uani mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia.

Hilo lilikuwa jambo jipya kwangu: kuacha utani ufe bila kuukimbilia na maji.

Jumamosi asubuhi nilipita mlangoni kwa Baba nikamwona anapigana na shati. Mkono mmoja ulikuwa umeingia, wa pili umekwama. Begani, mahali palepale nilipoumia mimi, palikuwa na alama kubwa iliyoanza kugeuka kutoka zambarau kuwa manjano. Yangu ilikuwa manjano tayari. Nilishika ukosi wa shati nikauvuta mpaka mkono ukaingia. Vifungo nilimwachia mwenyewe.

Uwanjani kikosi kizima kilikuwa kimejipanga, maana mtihani wa Redio ulitarajiwa kuwa burudani. Mmoja aliniambia stoo wamenifagilia. Walisubiri jibu. Sikutoa jibu, na nikaona jinsi ukimya wangu ulivyowasumbua, wakageuzageuza miguu kama watu waliokalia viti visivyo vyao.

Mkuu alipima bunduki kwa mikono, akaona ina uzito mpya, akanyanyua nyusi.

"Hii si ile."

"Mtutu ni uleule," nikasema. "Mti ndio umebadilika. Bega nalo ni lilelile, Mkuu, ikiwa utaulizwa."

Alinitazama kidogo, akaandika kitu kwenye daftari. "Nani anakujazia?"

Kaka alikuwa ameshaanza kujiinua, mkongojo kwapani.

"Baba," nikasema.

Naomba isidhaniwe kwamba ulikuwa msamaha. Nilitaka kila risasi ipite mkononi mwake, aijue ya kweli na aijue tupu, naye ndiye awe anajua na mimi nisijue. Miezi minane ndivyo tulivyoishi. Safari hii angefanya hivyo mbele za watu.

Baba alikaa juu ya lile sanduku. Mkuu akampa mfuko wenye risasi nne na ganda moja. Sikugeuka. Nilinyoosha bunduki nyuma, nikasikia vidole vyake vikitia, nikaivuta.

Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Bega langu lilikuwa limeshajikunja kuisubiri, kwa sababu mti mpya haufuti kumbukumbu ya mti wa zamani. Lakini teke lilipofika lilikuwa msukumo mpana, ulioenea kifuani chote, kama mtu anayekuambia sogea kidogo. Sahani ililia mbali kule. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikagusa ukingo, ikaingia. Nyuma yangu watu walikuwa wameacha kunong'ona.

Ya nne. Niliweka shavu juu ya mti. Nilipumua nusu, nikabakiza nusu. Kidole kikaenda polepole, kama kinachofungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

Tik.

Mtutu haukuinama. Ulibaki ukiitazama shabaha, na mimi nyuma yake, macho wazi, bega limelala.

Ila nyuma yangu sanduku la mbao lililia kwa kishindo, na risasi iliyobaki ikabingirika kwenye kokoto. Nilisikia mmoja wa wenzangu akivuta pumzi. Sikuhitaji kutazama kujua aliyeruka ni nani.

Hakuna aliyecheka. Upepo ulipita juu ya majani ya uwanja, ukafika kwenye sahani, ukaitikisa kidogo.

Nikanyoosha bunduki nyuma bila kugeuka.

"Ya tano, Baba," nikasema, na nikangoja mkono wake utulie.